Nyanya za Safu ya Kusini

Wiki mbili baada ya kustaafu na kukabidhi funguo za kituo, mmoja wenu mliobaki huko alinipigia simu kuniuliza kwa nini kuta fupi za mawe ndani ya nyumba ya vioo ya zamani zimepakwa chokaa. Alitaka kujua azipake upya au aziache zichakae. Nilimwambia azipake. Sababu sikumweleza, maana ni ndefu na hainipi sifa yoyote. Nimeona afadhali niiandike, muisome wote, kisha kila mtu anihukumu kwa nafasi yake. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hizo ziko kwenye mafaili, na sijaona mtu aliyejifunza kitu kutoka humo.

Niliajiriwa mwaka uliofuata uhuru. Nilikuwa kijana wa Mombasa, nimemaliza shule, nimekuja Nairobi kukaa kwa ami yangu aliyekuwa akisomesha Kurani katika chuo kidogo katikati ya mji, juu ya duka la vitambaa. Ami alitaka niwe karani wa benki. Mimi niliona tangazo gazetini: kituo cha utafiti wa mazao, upande wa magharibi, ng'ambo ya Riruta, kinatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na anayejua hesabu. Mwandiko nilikuwa nao. Hesabu nilizijua kiasi cha kutoaibika.

Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe na viatu nilivyovipiga rangi mpaka vikang'aa. Aliyenipokea alikuwa Bwana Gurdip, Kalasinga wa makamo, fundi wa vyombo vya kupimia. Alivitazama viatu vyangu, akanipa ndoo na kitambaa.

"Leo wewe osha kioo," akasema. "Kesho mimi nafundisha chombo. Kioo chafu, chombo nasema uongo."

Aliyenionyesha namna ya kuosha alikuwa Mama Nyambura. Huyu alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, akiishi na binti yake Nyambura katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo. Kazi zake zilikuwa mbili: kuosha vioo, na kufua shuka za nyumba ya wageni walikolala wataalamu waliotutembelea. Alipanda ngazi kabla yangu, akanyoosha mkono juu kabisa.

"Anza juu, ushuke," aliniambia. "Ukianza chini utaosha mara mbili, na mimi sitakusaidia."

Nilianza chini. Niliosha mara mbili, na hakunisaidia.

Barabara zetu zilikuwa za udongo mwekundu, na vumbi lake lilishika vioo kama unga. Katika maisha yangu ya kazi nimeona vifaa vya kila aina vikinunuliwa ili mimea ipate mwanga zaidi. Sijaona kilichofanya kazi kuliko kitambaa cha yule mama.

Kesho yake Bwana Gurdip alinionyesha chombo. Alikiunda mwenyewe: ubao mwembamba wa urefu wa mita moja, amepanga juu yake vipande vya kupokea mwanga alivyovitoa katika vipimio vya kamera kuukuu, na waya unaokwenda kwenye sanduku lenye sindano. Ukiuingiza ubao katikati ya majani, sindano inapanda kadiri mwanga ulivyo mwingi. Tulipima kila mmea mahali patatu, ambapo yeye alipaita kichwani, kiunoni na kifundoni. Mimi nilipenda kupima kichwani. Ukisimama wima unaisoma sindano bila kuchafua suruali.

"Salim," akaniambia wiki ya kwanza, "wewe pima juu vizuri sana. Jani ya chini nani atapima? Mimi? Goti yangu nauma."

Basi nikajifunza kupiga magoti, na huko chini ndiko nilikojifunza kazi. Wanafunzi wa siku hizi hulisema neno usanisinuru kabla hawajaota ndevu. Sisi tulisema "kazi ya jani" tu. Jani hupokea mwanga likajitengenezea chakula, na chakula hicho ndicho kinachojaza tunda. Nilichokuwa sikijui ni kwamba jani la juu kabisa, jua la saa sita likiliwakia, hupewa mwanga mwingi kuliko linaoweza kuutumia. Ziada yote hupotea. Huku chini, jani lililofunikwa na wenzake linapata kidogo mno hata halijilishi lenyewe, linakula vilivyotengenezwa na wengine. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba yake ina mwanga mwingi, bado sijajua kitu. Namuuliza unafika wapi na unagawanyika vipi. Mimea miwili inaweza kupata jua moja, mmoja ukashiba kuanzia utosini hadi miguuni na mwingine ukashiba kichwa tu.

Nyumba yetu ya vioo ilikuwa na safu nane za nyanya, zimefungwa kwa kamba hadi kupita kimo cha mtu. Safu zilikwenda kutoka mashariki hadi magharibi. Safu ya mwisho, ya kusini, ilikuwa karibu na ukuta mfupi wa mawe ya kijivu uliobeba vioo, na kati yake na ukuta kulikuwa na njia nyembamba ya kupitia. Safu hiyo ilikuwa na bahati mbaya kila mwaka ufikapo Julai. Mnajua Julai ya Nairobi: mawingu wiki nzima, baridi, na jua likitokea linatokea limeinamia kaskazini. Safu saba zilisimama mbele ya ile ya nane na kuikinga. Vichala vyake vya chini vilikaa kijani mpaka vikaoza.

Miaka miwili baada ya kuajiriwa, mkuu wa kituo alinikabidhi jaribio langu la kwanza. Tulimwita Daktari tu. Alikuwa Mwingereza mpole, mwenye sauti ya chini, aliyesoma kila karatasi mara mbili. Nilitakiwa kufuatilia nafasi kati ya mmea na mmea, kupima mwanga kila siku saa sita, na mwishoni kupima uzito wa mavuno ya kila safu, vichala vya juu mbali na vya chini mbali. Nililichukua jaribio lile kama watu wengine wanavyoichukua dini. Niliweka kamba mlangoni. Niliandika daftari kwa wino mweusi na kupiga mistari kwa wino mwekundu.

Julai ile ilikuwa mbaya kuliko nyingine. Mvua nyepesi kila asubuhi, na nguo ukianika nje inarudi ilivyotoka. Siku moja katikati ya mwezi niliingia saa sita nikakuta shuka nyeupe za nyumba ya wageni zimeanikwa kwenye waya wa chini mbele ya ukuta wa kusini, kutoka pembe hadi pembe, zimefunika mawe yote. Mama Nyambura alikuwa anazigeuza.

"Mama, hizi zimekaa hapa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu baridi ianze," akasema. "Naleta wewe ukishapima, natoa asubuhi wageni wakitaka. Leo nimechelewa kutoa. Nje hazikauki, Salimu. Hapa kuna joto."

"Hapa ni mahali pa jaribio!"

"Najua ni ya nyanya. Sijagusa nyanya." Akainama, akainua jani la chini la mmea uliokuwa karibu naye. "Lakini angalia. Hii ya chini imekuwa nyekundu. Ile safu ingine bado. Mimi nimeona tangu wiki ile. Hizi nyanya zinapenda shuka."

Nilicheka. Si kicheko cha furaha; kilikuwa kile cha mtu mwenye daftari. Nilimwambia azitoe mara moja, na akazitoa, akazibeba zote begani zikiwa na unyevu bado.

Bwana Gurdip aliingia nyuma yangu na chombo chake. Nilipomweleza, hakukasirika. Alimwomba Mama Nyambura arudishe shuka mbili kwa dakika kumi tu, akapiga magoti pamoja na lile goti lake bovu, akaingiza ubao chini ya majani ya safu ya kusini. Akasoma sindano. Akaziondoa shuka, akasoma tena. Aliandika kitu katika daftari langu kwa penseli, pembeni.

"Hii usifute," akaniambia.

"Safu imeharibika, Bwana Gurdip. Siwezi kuilinganisha na nyingine."

"Mimi nasema usifute. Andika nini iko tokea. Kesho fikiri."

Sikufikiri kesho wala keshokutwa. Nilikuwa na woga mmoja tu: Daktari ataona kwamba mtu aliingia katika jaribio langu wiki nzima na zaidi, na mimi nikipita kila siku sikujua. Mavuno yalipopimwa, safu ya kusini, ile ya bahati mbaya, ilikuwa imezipita zote kwa vichala vya chini. Mtu mwenye akili iliyotulia angesimama hapo. Mimi nilichukua rula na kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mstari juu ya safu nzima na kuandika: "Imeharibiwa, isihesabiwe." Kisha nikaandika taarifa kwa Daktari.

Aliniita ofisini. Mama Nyambura alikuwa tayari amesimama mle, mikono imefungwa mbele ya aproni. Daktari alizungumza nami kwa Kiingereza, lugha ambayo Mama Nyambura hakuijua.

"Salim, mama huyu alijua kwamba haruhusiwi kuweka kitu ndani?"

"Alijua, bwana."

"Ulimwonya?"

Nimelirudia swali lile mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa. Sikuwa nimemwonya. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote asianike nguo mle, kwa sababu haikunipitia akilini. Kamba niliyoiweka mlangoni haikuwa na maandishi, na yeye alikuwa akiivuka kila siku kwenda kuosha vioo, kwa idhini yetu sote. Jibu la kweli lilikuwa neno moja.

"Nilimwonya mara mbili," nikasema.

Nilidhani atakemewa, basi. Daktari alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililomwangamiza yule mama. Mtu aliyeonywa mara mbili kwa haki akarudia kosa, kwa haki hawezi kubaki. Alipewa barua siku ya tatu. Barua ilisema alivuruga jaribio kwa makusudi baada ya kuonywa. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi, alipewa mwisho wa mwezi kuihama. Nilimwona akivuka uwanja na godoro kichwani, na Nyambura nyuma yake amebeba ndoo tuliyokuwa tukioshea vioo, maana ilikuwa ya kwao. Sikujua mpaka siku ile kwamba ndoo ilikuwa ya kwao.

Alinipita karibu. Alisema tu, "Haya, Salimu." Baada yake vioo vilioshwa na kijana aliyeanza chini.

Bwana Gurdip hakunipigia kelele. Kwa muda wa miezi kadhaa aliacha kuniita "Salim" akaniita "Bwana Karani". Alijua sikumwonya yule mama. Tulikuwa tukishinda pamoja mle ndani, angesikia. Siku moja, tukiwa tunakaza nyaya za chombo, alisema bila kunitazama: "Daktari naweza sikia bado. Mlango yake iko wazi." Nilimjibu kwamba nitakwenda. Nilikuwa na nia hasa. Wiki ile Daktari alikuwa na wageni, wiki iliyofuata mimi nilikuwa na homa, na baada ya hapo aibu ya kosa ilikuwa imeongezwa aibu ya kuchelewa, na mbili zile kwa pamoja zilinishinda uzito.

Miaka miwili baadaye familia ya Bwana Gurdip iliamua kuhamia Uingereza, kama zilivyofanya familia nyingi za Kihindi wakati ule. Aliniachia chombo chake na ramani ya nyaya zake aliyoichora mwenyewe. Siku ya kuondoka kwake sikwenda kumuaga uwanja wa ndege. Ami aliniuliza kwa nini, nikasema nina kazi. Ilikuwa Jumapili.

Nilifanya kazi vizuri miaka ile. Naomba mnielewe kwamba hilo ni kweli pia. Nilipima kila kona ya nyumba ile. Niligundua kwa sindano kwamba siku ya mawingu jani la juu linapoteza mwanga mwingi lakini la chini halipotezi kwa kiasi hicho, kwa sababu mwanga wa mawingu hautoki upande mmoja, unapenya kila mahali. Niliwafundisha wafanyakazi kupogoa kwa kutazama chini kwanza. Nilipokwisha kuoa, mke wangu alilalamika kwamba suruali zangu zote zinatoboka magotini.

Kisha Daktari alirudi kwao, akaja mkuu mpya, Mkenya, kijana karibu rika langu. Aliniagiza nikusanye matokeo ya miaka yote tangu kituo kianze na kuyanakili upya. Nilikaa na madaftari yale wiki mbili. Nilipolifungua la jaribio langu la kwanza, nilikuta mstari mwekundu umepita juu ya safu ya kusini, ila tarakimu chini yake zilisomeka zote. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Bwana Gurdip: vipimo viwili vya sindano, kimoja cha shuka zikiwapo, kimoja cha shuka zikiwa zimeondolewa, na maneno matatu: "Salim, tazama tena."

Nilitazama tena. Mwanga wa kifundoni ulikuwa umepanda sana kwa shuka zile. Jua la Julai lililoinamia kaskazini lilikuwa likipita juu ya safu, likitua kwenye mawe ya kijivu na kufia pale. Shuka ziliudaka mwanga ule na kuurudisha upande ambao mmea haukuwahi kupata kitu, chini na nyuma. Majani yaliyokuwa wategemezi yakawa wafanyakazi. Hakukuwa na uharibifu wowote katika safu ile. Ilikuwa ndiyo safu pekee yenye jambo jipya katika jaribio zima, na mimi niliifuta kwa rula.

Nilikwenda mjini nikanunua kitambaa cha marikani nyeupe, jora zima, na Julai iliyofuata nikaitandika mbele ya ukuta, safari hii kwa idhini yangu mwenyewe. Ilitokea vilevile. Mwaka wa pili tukapaka chokaa ukuta wenyewe, ikatokea vilevile. Wakulima wa upande wa Kinoo waliokuwa na vibanda vyao vya vioo wakaja kuona, wakaenda kupaka kuta zao. Mkuu mpya alifurahi sana. Aliniuliza wazo lilinijiaje. Nilisema nilikuwa nikipitia madaftari ya zamani. Hilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa sababu lilikuwa kweli na halikusema kitu.

Mwaka ule tulipewa kibanda katika maonyesho ya kilimo pale Jamhuri. Tuliotesha nyanya katika mapipa, nyuma yake ubao uliopakwa chokaa, na kando yake nyanya nyingine zenye ubao mweusi, ili watu waone tofauti kwa macho. Watu walijaa. Mwalimu mmoja aliyekuja na wanafunzi wake aliuliza kwa sauti, "Na ni nani aliyeligundua jambo hili?"

"Ni sisi hapa kituoni," nikasema, "baada ya kupima miaka mingi."

Wanafunzi wakaandika. Nilipoinua macho nilimwona Mama Nyambura amesimama nyuma yao, kitambaa kichwani, kiondo begani. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Alisubiri wanafunzi wapite, akaja hadi kwenye pipa, akainua jani la chini kama alivyofanya siku ile.

"Zimeiva vizuri, Salimu," akasema.

Akaenda zake. Sikumfuata. Nilijiambia nina watu wa kuhudumia.

Usingizi ulinipa taabu siku zile, na nadhani nilistahili. Ijumaa nilikaa ofisini nikaandika barua kwa mkono wangu. Nilieleza kwamba Mama Nyambura hakuwahi kuonywa na mimi wala na mtu mwingine. Kwamba nilimdanganya mkuu wa wakati ule. Kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza, akaniambia, nami nikamcheka. Na kwamba hakuharibu kitu. Niliipeleka kwa mkuu mpya. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena.

"Salim, unajua nikiitia hii kwenye faili itakaa na jina lako?"

"Najua."

"Kazi ya kuosha vioo haipo tena. Tumeshaingia mkataba na watu wa nje. Siwezi kumrudisha."

"Najua pia. Nakuomba muhuri."

Alipiga muhuri kwenye nakala mbili. Sikuadhibiwa. Niliadhibiwa kidogo sana katika maisha yangu, na mara nyingine nahisi ningekuwa mtu bora kama ningepata zaidi.

Jumapili mchana nilikwenda Riruta. Mfanyakazi mmoja wa zamani aliniambia Mama Nyambura anakaa nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, chumba cha tatu. Nje ya chumba kulikuwa na cherehani na msichana mkubwa anashona sare za shule. Hakuniangalia. Mama Nyambura alitoka, akatazama nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Mama."

"Kaa basi."

Alinipa chai. Nilianza kusema mambo niliyoyapanga njia nzima, kuhusu ukuta, kuhusu mwanga unaorudi kutoka chini. Alinyoosha kiganja kunizuia.

"Nilikuambia siku ile. Nilikuambia nyanya zinapenda shuka."

"Uliniambia. Sikusikia."

"Ulisikia. Masikio yako yalikuwa mazuri. Hukuamini mimi naweza kuona." Alisema bila hasira, kama mtu anayenisahihisha hesabu. "Lakini hiyo ya nyanya haina shida. Mtu anaweza kukosea nyanya. Hii ingine ndiyo nimekaa nayo. Barua ilisema ulinionya mara mbili. Nilisomewa na karani wa ofisi. Nimefikiri na kufikiri, labda nilisahau. Ulinionya lini, Salimu?"

"Sikukuonya."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alikiweka kikombe chini. Kinu kilikuwa kinasaga, ukuta ukitetemeka kidogo. Aliniambia kwamba alijaribu kazi ya kufua katika hoteli mjini, na katika shule mbili. Kila mahali waliitisha barua ya alikotoka, akawapa, wakaisoma na kumrudishia. Hatimaye akaacha kuomba, akawa anafulia watu nyumba kwa nyumba, mpaka mikono ikaanza kuvimba viungo. Nyambura aliacha shule walipohama, kwa kuwa shule ilikuwa karibu na kituo na hawakupata nafasi nyingine huku.

Nilitoa barua yangu mfukoni. Nilimwambia ina muhuri, na kwamba nyingine iko katika faili, na kwamba sasa anaweza kuipeleka popote.

"Sasa nitapelekea nani?" akauliza. Alinyoosha mikono yake tuione wote wawili. "Hii ningetaka ule mwaka."

Nilianza kuikunja barua ili nimwachie mezani. Akanizuia.

"Hapana. Isome. Macho yangu si mazuri."

Nilisoma. Nilipofika pale niliposema sikumwonya, aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akageukia mlango.

"Nyambura! Wacha hiyo mashine, kuja hapa."

Msichana akaja akasimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, pini katikati ya midomo. Alinitambua, niliona anavyonitambua.

"Huyu amekuwa akiniuliza tangu tuhame," Mama Nyambura akaniambia. "Akiwa mdogo aliuliza, akiwa mkubwa akaacha kuuliza, na hiyo ya kuacha ndiyo mbaya zaidi. 'Mama, ulifanya nini mpaka wakatufukuza?' Nikimwambia sikufanya kitu, ananyamaza tu. Msomee yeye. Anza mwanzo, na usikimbie."

Nilianza mwanzo. Nilisoma tarehe, nikasoma jina la mama yake, nikasoma kwamba nilidanganya. Nyambura alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Kabla sijafika katikati alinyoosha mkono, akaichukua karatasi kutoka kwangu, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango, na akaimalizia kumsomea mama yake yeye mwenyewe.